Maleba ya Kihistoria Yana Mwaka Wake

Mwenyekiti wa kikao hiki, wahadhiri, mafundi wa cherehani mliofunga vibanda vyenu sokoni Kibuye mkaja kutusikiliza, nanyi wanafunzi mlio na tamthilia ya kuandaa, nawasalimu nyote kwa heshima na kuwashukuru kwa kunialika hapa Kisumu.

Nimeombwa kuzungumza juu ya ubunifu wa maleba ya tamthilia ambayo wanafunzi wenzenu wameiandika na ambayo mtaiigiza mwishoni mwa muhula. Habari yake inatokea Kavirondo ya Kati, jina la kikoloni la sehemu hii ya Nyanza, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1921, mpaka ule mkutano wa Lundha, Gem, wa tarehe 23 Desemba, ambapo walimu na watu waliosomea shule za misheni, Jonathan Okwiri akiwa miongoni mwa viongozi wao, walikutana na umma kulalamikia kodi, kipande (ile karatasi ya kuandikishwa waliyolazimishwa kuibeba), kazi za kulazimishwa na hatua ya serikali ya kuigeuza nchi kuwa koloni mwaka 1920. Vuguvugu lililozaliwa hapo watu wa Nyanza hulikumbuka hadi leo kwa jina la Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Nimeusoma mswada wote tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mswada mzuri, na ndiyo maana nawasihi mapema, kabla hamjanunua hata mita moja ya kitambaa, kwamba maleba yake yashonwe kwa ajili ya mwaka 1921, wala yasishonwe kwa ajili ya kitu hicho kinachoitwa "zamani".

Mnajua ninachokilenga. Katika kumbi zetu nyingi, hadithi ikisharudi nyuma ya Uhuru, waigizaji wote huvishwa vazi lile lile: marinda ya mkonge, kitambaa cha poliesta chenye madoadoa ya chui, shanga za plastiki na michirizi ya chokaa usoni. Mhusika awe mganga, chifu, mama wa nyumbani au karani, na mwaka uwe 1850, 1905 au 1945, vazi halibadiliki. Watazamaji hupiga makofi kwa sababu wameizoea alama hiyo, na mwelekezaji huridhika kwa sababu gharama yake ni ndogo. Lakini vazi la namna hiyo linawanyang'anya wazee wetu kitu kikubwa, kwa kuwa linawaonyesha kama watu waliokaa mahali pamoja wakingoja wageni wafike ndipo historia ianze. Watu wa Lundha walikuwa watu wa wakati wao. Nguo walizinunua, walizichagua, walizikataa, walizibishania ndani ya familia, na kila aliyefika mkutanoni siku hiyo alikuwa amevaa matokeo ya uamuzi fulani.

Tazameni yaliyokuwa yamepita kufikia mwaka huo. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, hapa palipoitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901, na kuanzia hapo marobota ya merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, na kaniki, kile kitambaa cheusi au cha buluu iliyoiva, ambayo awali yalibebwa mabegani na misafara iliyopiga kambi Mumias, yakaanza kushushwa kwa wingi kutoka kwenye mabehewa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka, na mafundi wakaketi barazani na cherehani zao. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918, iliyowachukua wanaume wengi mno wa Nyanza wakawe wachukuzi wa mizigo ya jeshi, na wale waliojaaliwa kurudi walirudi na vitu ambavyo vijiji havikuwa vimeviona: makabuti, mablanketi, mikanda, kofia za kijeshi. Miaka ishirini tu ilitosha kuyafanya hayo yote. Ndiyo sababu jukwaa la mwaka 1921 lazima liwe na mchanganyiko, na mchanganyiko huo ndio utakaomweleza mtazamaji, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, ni nani aliyekwenda wapi na nani aliyebaki nyumbani.

Nianze na mwalimu, kwa kuwa ndiye anayesema maneno mengi. Mmevutiwa kumvika suti, na naelewa kwa nini. Hata hivyo, katika miaka hiyo kanzu nyeupe ilikuwa vazi la heshima la walimu na machifu wengi wa magharibi, na iliingia kwetu kutoka pande mbili: pwani, kupitia misafara ya biashara, na Buganda, kwa kuwa eneo hili lote lilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, na Wakristo wa Buganda walikuwa wamekwisha kuifanya kanzu kuwa vazi lao. Mvike mwalimu kanzu na koti juu yake katika tukio la mkutano, kisha mvike shati na kaptura ya kaki katika tukio la darasani. Kaptura yenyewe iwe pana, ifike gotini, ikae juu kiunoni na ifungwe kwa vifungo. Suti kamili mwachieni mhusika mmoja tu, yule karani wa mjini, ili ikitokea ipate uzito wake.

Wakati huo watu waliovaa nguo za dukani walikuwa kundi linalotambulika, wakiitwa jonanga, na si kila mzee aliwatazama kwa jicho zuri. Mswada wenu unalo tukio la baba anayemkaripia mwanawe aliyetoka shule ya misheni ya Maseno. Tukio hilo litakuwa na nguvu maradufu iwapo baba atakuwa amevaa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa vizuri na vazi la kichwani la hadhi yake, yaani awe mtu aliyependeza kwa mila yake, na asionekane kama maskini aliyekosa nguo. Namwomba mbunifu alishughulikie vazi la baba huyu kwa bidii ile ile atakayoitumia kwa koti la mwana.

Sasa nakuja kwa mchukuzi aliyerudi kutoka vitani, ambaye kwangu mimi ndiye moyo wa tamthilia nzima. Amepewa mistari michache sana, kwa hiyo mwili wake na nguo zake zitamsemea. Anavaa kabuti la kijeshi lililochakaa, na chini yake kipande cha merikani kilichofungwa kiunoni, miguu mitupu. Kabuti halichakai ovyo. Huchakaa mahali ambapo maisha yameligusa. Mtu aliyebeba mizigo mabegani atakuwa na kitambaa kilicholika mabegani na nyuma ya shingo kuliko mahali pengine popote, mifuko yake itakuwa imelegea kwa kutiwa vitu vizito, na ncha za mikono zitakuwa zimechanika nyuzi. Tumieni msasa na wembe mahali hapo, kisha mfue kwa magadi, mkaushe juani na mrudie. Upindo wa chini mpake rangi ya matope, na iwe ile rangi nyekundu ya udongo wa Gem. Weusi wa udongo wa uwanda wa Kano utamweka mtu huyu mahali pengine kabisa, na mtazamaji wa huku ataling'amua hilo hata kama hatalitamka. Msitumie udongo wenyewe, maana utapukutika jukwaani na kuwapaliza waigizaji. Rangi ya akriliki iliyochanganywa na maji kidogo itafaa.

Shingoni mwake kuna kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, na kufikia mwaka 1921 kila mwanaume wa zaidi ya miaka kumi na sita alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, ambayo wengi waliitia ndani ya kikebe cha bati na kukitundika shingoni kwa kamba. Nimeona michezo ambamo kipande kilitengenezwa kwa katoni iliyopakwa rangi ya fedha. Kutoka safu ya tano katoni hiyo inafanana na bati, nakubali, lakini mwigizaji anayeivaa haisikii, na kwa hiyo haimbadilishi. Nendeni kwa fundi wa jua kali awakatie bati la kopo, alikunje na kulichomelea kifuniko, kisha mtieni ndani karatasi iliyokunjwa. Mfundisheni mwigizaji kuinama akichukua jembe, mtasikia bati likigonga kifungo cha kabuti. Mlio huo usikike katika tukio la pili na la tatu, ili wanaume wa mkutanoni watakaponyanyuka pamoja katika tukio la mwisho, bati nyingi zigongane kwa wakati mmoja. Ukumbi mzima utaelewa malalamiko ya Lundha yalikuwa juu ya nini.

Wanawake wa tamthilia hii wanahitaji fikra zaidi kuliko zile ambazo mswada umewapa. Mama wa nyumbani wa wakati huo, hasa mbali na misheni na masoko, angeweza kuvaa chieno, ule mkia wa nyuzi unaofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma, ambao ulikuwa alama ya mwanamke aliyeolewa. Si pambo la kucheza nalo. Kabla hamjakiweka jukwaani, ketini na akina nyanya walioko vijijini mwenu, waulizeni nani alikivaa, lini, na ni mambo gani hayakufaa kufanyiwa mwenye kukivaa, kisha muulizeni mwelekezaji kama tukio lenyewe linakihitaji. Wanawake wa karibu na masoko walikuwa wameanza kujifunga shuka, fundo likikaa begani, na wale wa misheni walivaa magauni mapana yaliyofunika mwili. Hapo mna njia tatu za kumvika mwanamke mmoja mmoja kulingana na maisha yake. Suala la miili ya waigizaji tulizungumze waziwazi: hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa kujiachia wazi kwa jina la historia. Mwaka 1921 unatupa shuka na gauni la misheni, nayo ni ya kweli kabisa, kwa hiyo heshima na ukweli havigombani hapa.

Juu ya vazi la Mkuu wa Wilaya sitasema mengi. Helmeti ya jua, kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu na viatu vilivyong'arishwa vinatosha. Jambo moja tu: yeye na karani wawe miongoni mwa watu wachache sana wenye viatu jukwaani. Wengine wote wafanye mazoezi wakiwa miguu mitupu tangu juma la kwanza, kwa sababu mwendo wa mtu aliyezoea raba haugeuki usiku wa onyesho.

Turejee kwenye kitambaa, nanyi mafundi mnisahihishe nikikosea. Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941. Nailoni nayo ni ya miaka ya 1930. Hakuna mtu wa Lundha aliyevaa nyuzi hizo, na taa za jukwaani hazina huruma nazo: poliesta hung'aa, hukataa kujikunja, na huanguka mwilini kwa namna ambayo pamba haifanyi. Mkienda Kibuye kutafuta mitumba, ambako kuna mashuka ya zamani ya pamba na makoti mazito ya sufu kwa bei ambayo chuo kinaweza kuimudu, msiiamini lebo, wala msimwamini muuzaji. Ombeni ruhusa ya kuchomoa uzi mmoja kutoka upindoni, ushikeni kwa kibanio mbali na nguo, uwasheni kwa kiberiti. Pamba huwaka upesi kwa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopukutika vidoleni. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, na mwishoni huacha shanga ndogo ngumu nyeusi ambayo hamwezi kuisaga kwa kucha. Uzi ukiwaka kisha ukaacha jivu lenye chembe ngumu, basi kitambaa kimechanganywa, na kaki nyingi za sare za shule zinazouzwa siku hizi ziko hivyo. Hizo mnaweza kuzitumia kwa umati wa nyuma, ila mhusika wa mbele mtafutieni pamba tupu.

Zipu nazo ziondoeni. Zilikuwepo katika hati za wavumbuzi, lakini hazikuingia katika suruali za watu mpaka miaka ya 1930. Mwigizaji anayepapasa vifungo vyake taratibu huku akijibu swali la chifu ana kazi ya kufanya kwa mikono yake, na mwigizaji mwenye kazi mikononi huigiza vizuri zaidi. Pale ambapo mtu anabadilisha nguo kwa sekunde chache nyuma ya pazia, shoneni vifungo vya uongo juu na velkro chini yake, na velkro hiyo ifunguliwe nje ya jukwaa tu, kwa kuwa mlio wake hauna mfano katika mwaka 1921. Mishono ya ovaloki ifichwe ndani ya bitana.

Nyeupe tupu isifike jukwaani kabisa. Kanzu mpya ikimulikwa humeza uso wa mwenye kuivaa. Chemsheni majani ya chai kwenye sufuria kubwa, mtie chumvi kidogo, mloweke kanzu humo kwa dakika chache na kuigeuzageuza ili isitoke mabaka, kisha mwikaushe kivulini na kuipeleka chini ya taa zile zile zitakazotumika usiku wa onyesho. Ikionekana njano, iosheni. Ikionekana bado inawaka, irudisheni chaini. Mtu wa taa awepo siku hiyo, kwa sababu karatasi ya rangi atakayoiweka mbele ya taa inaweza kuharibu au kuokoa kazi ya mwezi mzima.

Sasa mtaniuliza mtayajua wapi haya yote. Kuna makumbusho hapa Kisumu yenye boma la Kiluo na vifaa vyake. Kuna nyaraka za serikali ya kikoloni. Kuna picha, na juu ya picha naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu zinapendwa mno na hazisomwi vya kutosha. Mkusanyiko unaojulikana sana ni wa mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyewapiga picha Waluo mwaka 1936. Picha hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na mwaka 2007 nakala zake zililetwa Nyanza zikaonyeshwa kwa jamaa za watu waliopigwa. Ni hazina. Lakini 1936 ni miaka kumi na mitano baada ya Lundha, na katika miaka hiyo mengi yalibadilika madukani na makanisani. Pia mzee aliyeitwa kupigwa picha angeweza kuvaa mapambo yake ya sherehe, kwa hiyo msimpeleke shambani na vazi hilo.

Rangi ndiyo mtego mkubwa zaidi. Filamu na vioo vingi vya picha vya miongo ya mwanzo havikuhisi rangi nyekundu, ilhali viliihisi buluu kupita kiasi. Kwa sababu hiyo, kitambaa chekundu hutoka karibu cheusi, na buluu iliyoiva hutoka hafifu kama kitu kilichofuliwa mara nyingi. Mbunifu anayetazama picha ya mwaka 1910 akaona kitambaa cheusi begani mwa mama, akaenda kununua cheusi, huenda amemvua mama huyo rangi aliyoichagua kwa furaha. Picha ziwaeleze umbo la vazi, urefu wake, fundo limekaa wapi na kitambaa kimeanguka vipi. Habari za rangi zitafuteni kwenye vitu vyenyewe vilivyohifadhiwa, na kwenye masimulizi ya wazee.

Kuhusu mapambo ya wazee wa Kiluo, vazi la kichwani la manyoya ya mbuni na meno ya kiboko linahitajika katika matukio mawili, na joho la ngozi ya mbega katika tukio moja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kukaa na nyara za wanyama bila kibali, kwa hiyo asije mtu akakopa kitu kwa mjomba wake akidhani ni sawa kwa kuwa ni sanaa. Meno ya kiboko yatatengenezwa kwa bomba la maji la plastiki: likatwe, lichovywe katika maji yaliyochemka hadi lilegee, likunjwe kwa glavu nene, lishikiliwe mpaka lipoe, kisha ncha ichongwe na yote ipakwe rangi ya maziwa yenye nyufa za kahawia. Kazi hiyo ifanyiwe nje, penye hewa. Joho la mbega litatokana na nyuzi ndefu za mkonge zilizochanwa na kutiwa rangi nyeusi na nyeupe, safu juu ya safu, zikishonewa kwenye gunia jepesi. Ni kazi ya kuchosha mikono, lakini mzee akigeuka nalo jukwaani litapepea kama linavyotakiwa.

Kabla ya mkasi kugusa chochote, msaidizi wa mbunifu aandike jedwali la maleba: upande mmoja wahusika wote, upande mwingine matukio yote, na katika kila kisanduku kila kitu kinachovaliwa, pamoja na hirizi, kamba na kofia. Jedwali hilo ndilo litakalowaonyesha kwamba mwigizaji wa karani ndiye huyo huyo mzee wa tukio la nne na ana nafasi ya ukurasa mmoja wa maneno kubadilika. Baada ya hapo kila vazi kuu lishonwe kwanza kwa kitambaa cha bei ya chini, lijaribiwe mwigizaji akiketi, akichuchumaa, akibeba na akiinua mikono, ndipo pamba nzuri ikatwe.

Onyesho likiisha, naomba maleba yasirudishwe stoo kama rundo moja. Kila vazi lifuliwe, litundikwe, na lishonewe ndani kitambaa kidogo chenye mwaka na aina ya mhusika, kwa mfano "1921, mchukuzi", ili kundi litakalokuja na tamthilia ya mwaka 1945 lisilichukue kabuti hilo bila kuuliza maswali haya haya upya.

Vipimo vitaanza kuchukuliwa Jumatatu asubuhi katika chumba cha nyuma cha ukumbi. Kila mwigizaji aje na mswada wake, ukiwa na alama mahali anapoingia na kutoka. Mafundi wataanza na kanzu ya mwalimu na kabuti la mchukuzi, kwa kuwa ndiyo mavazi yatakayohitaji majaribio mengi, na wanafunzi watakaojitolea kusuka mkonge wa joho wabaki baada ya kikao hiki tupange zamu.